Mfupi Siyo Mtoto: Gongo la Kriketi la Saizi Yako

Wana, tuongee ukweli mapema. Kama wewe ni mtu mzima na kimo chako hakifiki sentimita 168, yaani futi tano na inchi sita, gongo la kriketi lenye alama ya SH, ile saizi ya kawaida ya mtu mzima, siyo la kwako. Haijalishi una miaka 30, una ndevu, una watoto wawili na unalipa kodi ya nyumba Chang'ombe. Gongo halijui umri. Linajua mguu wako una urefu gani na mkono unafika wapi, basi.

Hapa Dodoma masela wengi wanaingia chaka hapohapo. Mtu anasikia kuna saizi za madogo na kuna saizi ya wakubwa, anajiangalia, anajiona mkubwa, anatuma mkwanja Dar. Mzigo unapanda basi mpaka stendi ya Nanenane, anaufungua kwa mzuka wote. Siku ya kwanza mpini unamkita tumboni kila akiinama. Siku ya pili anaanza kusema kriketi ngumu. Wiki ya tatu gongo liko nyuma ya mlango wa geto na mchizi karudi kwenye bonanza la soka. Tumempoteza mchezaji kwa sababu ya sentimita tatu.

Inaniuma kinoma, kwa sababu huu mchezo ndo kwanza unapata pumzi mpya kwetu. Timu yetu ya vijana chini ya miaka 19 ilibeba mashindano ya kufuzu ya Afrika kule Nigeria mwaka 2025, ikaenda Kombe la Dunia la 2026 Zimbabwe na Namibia, mara ya kwanza kabisa kwa Tanzania. Madogo wameupiga mwingi. Kitambo ukisema kriketi watu wanafikiria Dar tu, Gymkhana au uwanja wa Annadil Burhani, na wana wa kule ndo wanaojua magongo yanapatikana wapi. Sisi wa nyanda za kati, kuanzia Dom mpaka Manyoni na Singida, wengi wetu hatuna duka la karibu la kuingia, kushika gongo moja baada ya jingine mpaka upate linalokukaa. Tunanunua kwa picha ya WhatsApp. Kwa hiyo vipimo lazima uwe navyo mwenyewe kichwani kabla hujamwandikia muuzaji.

Mpangilio wake uko hivi. Magongo ya namba 1 mpaka 6 yanahesabiwa ya watoto na vijana, na urefu unapanda kadiri namba inavyopanda. Baada ya 6 inakuja Harrow. Baada ya Harrow baadhi ya watengenezaji wanaweka saizi nyingine katikati, wanaiita Small Adult au Academy. Halafu ndo SH, saizi ya kawaida ya mtu mzima, na mwisho kabisa LH, yaani mpini mrefu, ya majitu, wale waliopita sentimita 188 hivi. Hizo herufi SH zimeshawaponza wafupi wengi: zinasimamia short handle, yaani mpini mfupi, mtu mfupi akisikia anajua kaandikiwa yeye. Hapana. Mpini huo ni mfupi ukiuweka pembeni ya LH tu. SH imepigiwa hesabu ya mtu wa kuanzia sentimita 170 kwenda juu.

Kwa urefu wa gongo lenyewe, SH inacheza kwenye sentimita 85 mpaka 86. Harrow ni kama 83 na kitu. Namba 6 ni kama 81. Kampuni zinapishana kidogo, ndo maana namba ya kwenye stika peke yake haitoshi, dai na urefu kwa futi kamba. Ukiwa kati ya sentimita 158 na 168, anza na Harrow. Ukiwa chini ya 158, namba 6 ni gongo lako halali kabisa. Na ukiwa pale mpakani, 167 au 168, tafuta Small Adult kabla hujagusa SH, kwa sababu bapa lake lina upana uleule wa gongo la mtu mzima, kilichopungua ni urefu.

Kuna mtu atasema, oya, refa akiniona na namba 6 si atanizingua? Hawezi. Sheria za kriketi zinaweka ukomo wa juu tu: gongo lisizidi sentimita 96.5 kwa urefu na 10.8 kwa upana. Chini hakuna kipimo cha mtu mzima. Unaingia na namba 6 yako kwenye mechi ya wakubwa, kiroho safi, na mikimbio yako inahesabiwa sawasawa na ya jitu lenye LH.

Sasa jinsi ya kujipima. Usiamini kile kimo unachokumbuka toka siku ulipojaza fomu ya chuo. Nenda kwa fundi cherehani yeyote pale Majengo, mwombe futi kamba. Vua viatu, simama visigino vimegusa ukuta, mshikaji aweke daftari gumu juu ya kichwa likiwa limelala sawa, apige alama ya penseli ukutani, kisha mpime kutoka sakafuni mpaka kwenye alama. Hiyo ndo namba yako. Halafu pima kitu cha pili ambacho wengi hawakipimi: kutoka sakafuni mpaka kwenye mkunjo wa paja kwa ndani. Wapo watu wawili wote sentimita 165, mmoja kajaaliwa miguu mirefu na mwingine kiwiliwili, na gongo litawakaa tofauti.

Ukilipata gongo mkononi, vaa viatu vyako vya kuchezea, simama wima, liweke ncha chini pembeni ya mguu wako. Kichwa cha mpini kinatakiwa kifike kwenye lile eneo la mkunjo wa paja, juu kidogo siyo mbaya. Kikipanda mpaka kwenye mkanda wa suruali, hilo gongo refu. Kisha kaa mkao wa kupiga: miguu imepanuka usawa wa mabega, magoti yamelegea, ncha ya gongo nyuma ya vidole vya mguu wa nyuma. Tulia hapo. Mgongo unatakiwa uiname kidogo tu, macho yamlenge mrushaji bila kichwa kuanguka upande. Gongo likiwa refu utajikuta umesimama kama mlingoti, mikono imesukumwa mbali na mwili. Likiwa fupi mno unapinda mgongo mpaka unachoka kabla ova, ile mirusho sita, haijaisha. Muda mwingine jicho la mshikaji linaona vizuri kuliko wewe, mwambie akupige picha kwa pembeni.

Nimemtazama kwa karibu mwana mmoja tunayecheza naye jioni, kimo kama sentimita 160, na SH yake mpya. Kwa nini anakosa mipira ya kawaida? Angalia mikono. Kwa kuwa mpini ni mrefu kwake, mikono yote imeshuka chini, wa chini unakaribia kugusa mabega ya bapa, na juu ya mkono wa kwanza kumebaki kipande kizima cha mpini kinachoning'inia. Mpira ukija usawa wa kifua anataka kuuvuta upande wa mguu, kile kipande kinagonga mbavu na gongo linakwama nusu ya safari. Mpira ukija chini miguuni anataka draivu, ule mpigo wa kuusukuma mbele, ncha inakwaruza vumbi kabla haijaufikia. Jamaa ana jicho zuri, ana miguu myepesi, mazoezi haruki. Tulipompa Harrow ya mtu mwingine, mpira wa pili ulienda mstari ulionyooka, sauti ikabadilika kutoka ile ya ubao uliopasuka kuwa ule mlio mzito ambao kila mchezaji anaujua. Hakubadilisha kitu kingine chochote.

Wagogo wanaochunga ng'ombe huku pembeni ya mji hawana shida hii: fimbo inakatwa kwa kipimo cha mkono wa mwenyewe, mtoto ana yake, mzee ana yake, na hakuna anayebeba ya mwenzake ili aonekane mkubwa. 

Tuje kwenye uzito, maana hapa ndo kuna ubishi mtamu. Watu wanachanganya urefu na uzito, wanadhani mfupi lazima abebe gongo jepesi. Siyo lazima. Don Bradman wa Australia alikuwa na kama sentimita 170, alitumia gongo jepesi la kilo moja hivi, na wastani wake wa mechi za Test, zile za kimataifa za siku kadhaa, ni 99.94, hakuna aliyeusogelea mpaka leo. Sachin Tendulkar wa India ana kama sentimita 165, yeye alibeba gongo zito, zaidi ya kilo 1.3, akamaliza na mikimbio 15,921 kwenye Test na senchuri 100 za kimataifa, yaani mara 100 alifikisha mikimbio 100. Wote wafupi, magongo mbingu na ardhi. Urefu wa gongo unaamuliwa na mifupa yako, na mifupa hubadilishi. Uzito unaamuliwa na misuli na mazoea, na hivyo vinajengwa.

Na kama kuna mtu anadhani gongo la mtu mfupi halina nguvu, mpeleke Nairobi. Tarehe 4 Oktoba 1996, uwanja wa Nairobi Gymkhana, Pakistan dhidi ya Sri Lanka. Kijana Shahid Afridi wa Pakistan anaingia kupiga kwa mara ya kwanza kwenye mechi za siku moja za kimataifa, na mkononi kabeba gongo lililokuwa la Tendulkar, alilopewa na mwenzake wa timu Waqar Younis. Senchuri kwa mipira 37. Siksi 11, mipira ya kuvuka mpaka bila kugusa chini, zikipaa juu ya miti ya Nairobi, akamaliza na 102. Rekodi ile ya senchuri ya haraka kuliko zote kwenye mechi za siku moja za kimataifa ilikaa mpaka siku ya Mwaka Mpya 2014. Hiyo imetokea Afrika Mashariki, jirani hapa, kwa gongo la mwamba wa sentimita 165.

Kwa wewe unayeanza, lakini, usiende kwenye uzito wa Tendulkar. Harrow nyingi zinakaa kwenye kilo 1 mpaka 1.15, na hapo panakutosha. Muuzaji akikutajia uzito, ukilipokea lipitishe kwenye mizani ya dukani uhakikishe. Halafu jaribio la mkono: shika mpini kwa mkono wa juu peke yake, ule wa kushoto kama unapigia kulia, nyoosha mkono mbele usawa wa bega, kaa hivyo. Ukianza kutetemeka ndani ya sekunde chache, zito hilo. Rudia jaribio hilo baada ya mazoezi ya jioni, mwili ukiwa umechoka, kwa sababu asubuhi dukani kila gongo ni jepesi. Na usisahau kwamba magongo mawili ya uzito uleule yanaweza kuwa tofauti mkononi. Mti ukijazana chini karibu na ncha, gongo linavuta chini. Ukijazana katikati au juu kidogo, linanyanyuka fasta.

Hilo la mti kujazana wapi lina maana kubwa kwetu. Ardhi ya Dodoma kiangazi ni ngumu kama zege, na wengi tunacheza kwenye udongo mtupu au sakafu ya saruji, na mpira wa tenisi uliozungushiwa tepu. Mpira unadunda juu. Unaomfikia mtu wa sentimita 185 kiunoni, mimi na wewe unatufikia kifuani. Kwa hiyo chukua gongo lenye unene wake mkubwa katikati au juu kidogo, kwa sababu mipira mingi utaikutia huko. Yale yaliyonenepa chini kabisa ni ya viwanja ambavyo mpira unateleza chini, waachie wenye viwanja hivyo.

Na huo mdundo usikutie hofu. Mtu mfupi ana faida yake hapo: mpira ambao kwa mrefu ni wa kukwepa kinyonge, kwako ni wa kuuvuta au kuukata pembeni, kwa sababu mikono yako iko karibu na mwili na unageuka haraka. Sunil Gavaskar wa India, mtu wa sentimita 165 hivi, alisimama mbele ya warushaji wakali wa West Indies na mwaka 1987 akawa wa kwanza duniani kufikisha mikimbio 10,000 ya Test. Temba Bavuma, nahodha wa Afrika Kusini, ana kama sentimita 162. Juni 2025, fainali ya ubingwa wa dunia wa Test kule Lord's, alicheza na msuli wa paja umemkaza, akagoma kutoka, akapiga 66 akishirikiana na mwenzake Aiden Markram, na Afrika Kusini ikabeba kombe mbele ya Australia. Mchana ule nilikuwa naangalia kwenye simu na ningependa kila mfupi wa Dom angekuwa anaangalia.

Masista, hii inawahusu kuliko hata sisi. Wanawake wengi wa kimo cha kawaida wanaangukia kwenye Harrow au namba 6, lakini kwenye timu za kuchanganyika mnapewa lile gongo moja la timu, ambalo lilinunuliwa kwa kimo cha kaka mmoja mrefu. Likataeni. Fatuma Kibasu wa timu ya taifa ya wanawake alipiga 108 bila kutolewa dhidi ya Mali, Kigali, Juni 2019. Kipaji hicho kipo na huku kwetu, kinahitaji chombo chake. Timu yoyote ya kitaa ikichanga hela ya magongo mawili, la pili liwe Harrow. Hilo silo la kupiga kura.

Kuna dili moja la mtaani nataka ulikwepe: kumpelekea fundi seremala SH akate mpini. Inawezekana, kipande kidogo cha juu kinaondoka na unafunga raba upya. Tatizo ni kwamba umepunguza upande wa mkono na bapa limebaki na uzito wote, gongo linazidi kuvuta chini. Tena msumeno ukipita vibaya, ile miwa na raba zilizobanwa ndani ya mpini zinaanza kuachiana. Kama SH unayo tayari na hela ya jingine hakuna, kata sentimita 1 tu kwanza, chezea, uone. Kama hujanunua, usinunue ili ukate.

Ukishalipata, ukavu wa huku utalila usipolitunza. Magongo yanatengenezwa kwa mti wa willow. Ule wa Uingereza ni mwepesi na ghali. Wa Kashmir ni mzito kidogo na nafuu, na kwa mpira wa tepu unatosha sana. Aina zote mbili zinataka unyevu kiasi ndani yake. Kuanzia Juni mpaka Oktoba upepo wa Dodoma unanyonya kila kitu, na geto la bati mchana ni tanuri. Usilisimamishe pale, wala usiliache kwenye buti la gari. Paka mafuta ya linsidi kidogo kwa kitambaa, usoni, pembeni na kwenye ncha, liache limelala usiku mzima. Dukani kwa wauza rangi utakuta ya aina mbili: chukua mabichi, siyo yaliyochemshwa, kwa sababu yaliyochemshwa yanakauka juu kama vanishi. Pale mpini unapoingia kwenye bapa usipake, gundi itaachia. Na kama utacheza na mpira wa ngozi, gongo jipya lazima lipigwepigwe kwanza kwa nyundo ya mbao, taratibu, saa kadhaa zikigawanywa kwa siku. Ukiruka hatua hiyo bapa linaweza kupasuka mechi ya kwanza.

Kwa muuzaji uliza vitu hivi na usione aibu: picha ya gongo zima likiwa limelala pembeni ya futi kamba, picha ya stika ya saizi, uzito kwenye mizani, na picha ya pembeni inayoonyesha unene uko wapi. Mwambie kimo chako kwa sentimita, usimwambie "saizi ya mtu mzima". Akikwambia Harrow imeisha, chukua SH utazoea, mjibu unasubiri mzigo ujao. Utazoea kweli, lakini utakachozoea ni kupiga vibaya.

Na wewe uliyeko Dom, Kondoa au Singida, ambaye ndani kwenu kuna namba 6 au Harrow ya tangu shule inakusanya vumbi juu ya kabati: itoe. Kuna mtu mzima wa sentimita 160 anaitafuta.